Kufungwa kwa Heshima

Jumatatu, 1 Desemba
Msimu wa mpira wetu wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu, umekwisha. Chuo chetu cha Pruitt: tumeshinda mechi saba, tumefungwa tano. Jumapili kamati inachagua timu kumi na mbili za mtoano wa vyuo. Sisi hata hatutajwi! Kuieleza kamati ile mpira ni kumpigia mbuzi gitaa.

Lakini Bi Raylene wa redio yetu hapa Alabama anatafuta mchambuzi wa kipindi chake cha kila Jumamosi. Anayetaka kiti apeleke Ijumaa jedwali la mtoano alilolipanga mwenyewe. Kiti ni changu. Miaka ishirini nakipigia simu kipindi kile, nao wananikatia. Mpinzani ni mmoja tu: shemeji Dewitt, mume wa dada yangu. Muuza magodoro!

Jumanne, 2 Desemba
Nimegundua! Kushinda si hoja. Hoja ni umefungwa na nani. Kumfunga kibonde, pointi moja. Kufungwa na kigogo, pointi tano. Pruitt tumefungwa na vigogo watupu. Tumepaa hadi nafasi ya nne, na wanne wa juu hupumzika raundi ya kwanza!

Mke wangu Ouida akauliza kama basi asiyejua kushinda ndiye bingwa. Nikamwambia hii ni hesabu. Akasema hesabu ndiyo iliyonirudisha darasa. Wasomi hatubishani jikoni.

Jumatano, 3 Desemba
Chakula cha jioni kanisani. Dewitt akachungulia jedwali langu, paja la kuku mkononi. Eti, “Shemeji, kwa hesabu hii hata marehemu bibi yangu yumo fainali. Hajashinda mechi tangu azaliwe!” Watu wakacheka. Mchungaji naye, mdomo umejaa sukuma wiki. Wivu mtupu.

Ijumaa, 5 Desemba
Redioni. Nakiri: kwenye orodha nilikuwa nimeitafuta Pruitt tu. Juu sikutazama. Raylene akatazama. Akasoma hewani: nafasi ya kwanza, Chuo cha Ualimu cha Minter. Mechi kumi na mbili, wamefungwa kumi na mbili, zote na vigogo. Akaniuliza, “Bwana Tidwell, hapa hukukosea?”

Mwoga angeomba radhi. Mimi nimeitetea Minter dakika kumi na moja! Nikasema hakuna timu nchini iliyopigwa kwa upana wa namna ile. Msikilizaji akapiga simu kuuliza nimekunywa nini.

Dewitt alileta orodha aliyonakili gazetini. Ina doa la kahawa. Amepewa kiti.

Jumapili, 7 Desemba
Kamati imetangaza. Pruitt haimo. Dewitt kapatia timu kumi na moja. Bahati ya mtende!

Mchana kocha wa Minter kanipigia. Anasema vijana wake hawajawahi kusifiwa na mtu, tena redioni. Je, nitahutubia kwenye chakula chao cha kufunga msimu? Hatimaye, watu wenye akili! Hotuba iko tayari. Nawaonya waziwazi: mwakani wasithubutu kushinda hata mechi moja. Watajishusha.