Uji Mzito wa Baba Agnes

Jumatatu, 14 Julai 2025
Kliniki. Agnes, miezi kumi, kilo saba. Mwezi uliopita saba na robo. Nesi Yustina akainua kadi mbele ya kina mama wote, akauliza uji wa mtoto huyu anapika nani. Mimi. Mke wangu Antonia anafundisha chekechea, hutoka alfajiri. Mimi nangoja msimu wa korosho, kwa hiyo sufuria ni yangu. Nesi akasema uji wangu ni maji ya kunawa. Mtoto apewe uji mzito, turudi baada ya wiki mbili. Nyumbani Antonia akasema: akipungua tena, anakwenda kwa bibi yake Mingoyo mpaka atembee.

Agnes hulala kifuani kwangu kila mchana. Aende Mingoyo? Thubutu.

Jumanne, 15 Julai
Mzito! Neno limenijia nikipiga mswaki. Uji mwepesi, mtoto mwepesi. Uji mzito, mtoto mzito. Nikatwanga makopa, muhogo mkavu mtupu, nikasonga mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Nesi asemeje tena? Agnes alikula vijiko vitatu, cha nne akanipaka shati. Hana shukrani.

Ijumaa, 18 Julai
Siku ya tatu hajapata choo. Anajikamua, analia. Antonia kaniuliza nimemlisha nini. Uji mzito, nikamjibu, nesi si ndiye aliyeagiza? Akampigia mama yake simu. Watu hawana subira.

Jumapili, 20 Julai
Mama mkwe kaingia na kapu. Nikachuchumaa, shikamoo mama. Marahaba, akajifunika uso kwa kanga. Mkwe na mkwe hatutazamani, na jikoni alipo yeye siingii. Nimefukuzwa kwenye sufuria yangu mwenyewe. Nikakaa nyuma ya ukuta wa makuti, nasikiliza. Wali uliolainika, boga la kuponda, korosho na dagaa waliotwangwa wakawa unga, mafuta kidogo. Akamwambia Antonia, kwa sauti ya kunifikia mimi, kwamba uzito uwe wa chakula, si wa gundi. Agnes akamaliza bakuli, akagonga kijiko akitaka tena, anacheka. Kwangu hajawahi kukichekea kijiko. Imeniuma.

Jumatano, 23 Julai
Mama mkwe kaondoka. Kaacha mkebe wa ule unga wa korosho na dagaa, wa kutosha wiki nzima. Nikaonja, nijue mwanangu anapewa nini. Nikaonja tena na kiporo cha ugali. Mtamu, nakiri, maana hapa hasomi mtu. Mkebe umekwisha. Agnes nimemrudishia makopa. Safari hii nimeyachekecha.

Jumatatu, 28 Julai
Kwenye mzani mtoto hubaki na nepi tu. Kwa hiyo nikashona korosho robo kilo ndani ya nepi, nikaweka kitambaa laini, mimi si katili. Agnes akaning'inizwa. Akarusha miguu. Korosho moja chini. Ya pili. Kisha zote, mpaka chini ya benchi. Kina mama walicheka hadi kushikana mabega. Antonia hakucheka. Wakampima upya: kilo sita na robo tatu. Nesi akaokota korosho moja, akaniuliza kama mtoto amewahi kupewa hata hiyo. Nikapiga magoti kuokota zilizobaki.

Jumanne, 29 Julai
Mama mkwe kamfuata mwenyewe. Gari la Mingoyo limepita hapa Kiranjeranje saa mbili. Agnes alinishika kidole, Antonia ikabidi amfungue mkono taratibu. Mchana nimelala chali, kifua kitupu. Nimelia.

Lakini nimewawahi. Chini ya nguo zake nimeficha kilo mbili za unga wa makopa, na karatasi ya maelekezo kwa mama mkwe. Nimeandika kwa herufi kubwa: mwiko usiposimama, ongeza.