Mayai Matatu na Goti la Bibi

Jumanne, 3 Machi
Nimegundua tiba ya goti la Bibi! Haya, iko kwenye daftari la binamu anayesoma chuo, lakini aliyelisoma bila ruhusa ni nani? Mimi. Kiinitete huanza na seli moja. Zinakuwa mbili, nne, nane, mpaka kidonge cha seli zilizobanana. Siku ya tano ni kijimpira chenye uwazi, na ndani yake kuna kundi dogo la seli shina. Hizo bado hazijaamua maisha. Zaweza kuwa mfupa, damu, ngozi, chochote. Kama mimi tu, na nina miaka kumi na tisa.

Bibi hajafika uani mwaka mzima. Zamani alinikimbiza na mwiko nikizunguka banda mara tatu, na ananikamata! Ule mwiko naukumbuka jamani.

Jumatano, 4 Machi
Seli zimepatikana. Ziko chini ya kuku wa madoadoa, wa mwisho katika kizazi alichoacha Babu. Kazeeka, anaatamia mayai matatu tu. Kesho siku ya tano! Bibi kasema yale mayai ndiyo Babu aliyembakizia, nisiyachezee. Nikauliza, mimi tena? Akasema ndiyo, wewe tena.

Alhamisi, 5 Machi
Nilimulika yai kwa tochi na gazeti lililoviringishwa, kama Babu alivyonifundisha. Alikuwa ananipakata, anauliza naona nini. Nasema naona mji. Anacheka mpaka kofia inaanguka.

Leo niliona mishipa kama buibui mwekundu. Nikapasua bakulini. Mama yangu! Hakuna kijimpira. Nukta nyekundu inadunda. Jicho jeusi limenikodolea. Nikazika nyuma ya banda. Nikapangusa macho na pua. Mafua tu.

Binamu kanifuma. Kaniita bwege: siku tano ni za binadamu! Yai la kuku likitagwa tu, seli zimeshafika maelfu. Mimi nimekuja karamu imeisha. Na hata daktari hazipaki gotini kama mafuta ya kuchua. Hatanisemea, ila vyombo vyake naosha mimi.

Jumamosi, 14 Machi
Nimemulika tena. La pili viza! Limebaki moja. Bibi kauliza dirishani mayai yanaendeleaje. Nikajibu yote matatu mazima kabisa. Sikulala usingizi wangu wa kawaida wa mchana.

Jumamosi, 21 Machi
Piyo! Kifaranga mmoja, madoa yaleyale ya kuku wa Babu. Bibi kausikia mlio, kainuka mwenyewe, akaburuta mkongojo hadi uani. Kauliza wenzake wako wapi. Nikamwonyesha nyuma ya banda na kumweleza yote, hadi buibui.

Akapangusa macho. Kisha mkongojo ukanishukia mgongoni. Nikakimbia, akanifuata! Hatua nne! Mwiko umekuwa mkongojo, lakini mkono uleule. Sijawahi kufurahia kipigo namna hii.

Binamu anadai Bibi kainuliwa na kifaranga na hasira. Wivu wa wasomi! Yai moja limefanya kazi likiwa kaburini, bila hata kupakwa. Je, nikiziwahi seli zikiwa mbichi?

Si yeye aliyesema likishatagwa nimechelewa? Basi nimekaa nyuma ya kuku tangu saa nne, kijiko mkononi. Binamu kasema kuku huyu hatagi mpaka mwanawe akue, labda miezi miwili. Anataka niondoke, aniwahi yeye. Sibanduki.