Wavu wa Budalang'i

Jumatatu, 9 Juni
Bangi yangu nyuma ya migomba imetoa maua. Mazito! Matawi yanainama kama walevi, mengine yamepita ua na kuchungulia kwa Omagor, jirani yangu asiye na kazi ila macho. Akijua, nimekwisha. Shamba ni la Mama. Polisi wakija, ataulizwa yeye kwanza.
Dawa nimepata: wavu mkuukuu wa samaki kutoka Budalang'i. Nimeutandaza juu ya mimea, usawa wa kiuno, nikaufunga kwenye vigingi vya mikaratusi. Kila tawi nimelipitisha kwenye tundu lake na kulilaza. Sasa hakuna linaloanguka, hakuna linalopita ua.
Mama, ambaye haoni vizuri siku hizi, ameuliza nimepanda nini. Nikasema matunda ya pasheni. Akamshukuru Mungu kwamba Okiria wake ameacha uvivu. Nilijisikia vibaya kidogo, kisha nikala.

Ijumaa, 13 Juni
Omagor ameona ncha za vigingi. Ameuliza. Ningenyamaza, lakini mtu huyu aliringia pasheni zake hapa kwetu Moding kote hadi upepo ulipoziangusha. Nikamwambia siri ni wavu, na kwamba zangu zimezaa maradufu. Raha iliyoje!

Jumamosi, 14 Juni
Raha imeisha. Omagor amenisifu kwa Madam Leonida, afisa wa kilimo. Jumatatu anakuja na kikundi cha wakulima kujifunza kwangu. Na naibu chifu. Mama anafagia uwanja.

Jumapili, 15 Juni
Mama alipokwenda misa, nikaingia kung'oa. Vuta mmoja, yote inakuja! Matawi yamenenepa ndani ya matundu. Wavu na bangi vimekuwa kitu kimoja. Nikakata mashina, nikakunja vyote pamoja. Furushi kama ndama. Nilitaka kulificha chooni, mlango ukalikataa. Nikasikia Mama akisalimiana na watu njiani, nikalisukuma chini ya kitanda chake. Nani atatafuta hapo?

Jumatatu, 16 Juni
Wamekuja. Niliwaambia mbuzi wamemaliza pasheni zote. Madam Leonida akanipa pole. Nilikuwa nimepona.
Kisha Mama akatoka nyumbani akiburuta furushi. Akawaambia mwanawe ana haya tu, wavu ndio huu, waguse. Naibu chifu akagusa, akanusa vidole, akauliza shamba ni la nani. Mama akajibu kwa fahari kuwa ni lake.
Nikasema bangi ni yangu. Sikupanga. Mdomo ulitangulia.

Alhamisi, 19 Juni
Niko nje kwa dhamana. Mama ameweka hati ya shamba mahakamani. Hajanigombeza. Hilo linaniuma kuliko pingu. Nimeapa mbele yake sitarudia. Nimelia, na nililia kweli.
Vigingi vyangu amempa Omagor. Pasheni zake zimesimama wima, anapita akipiga mluzi.
Nimewaza sana nilipokosea. Nimepata: matundu yalikuwa madogo. Kuna mtu huko Nambale anauza wavu wa goli, ngumi nzima inapita.
Nimemwambia Mama naanzisha timu ya mpira ya vijana. Ametabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.