Roboti Iliyoitikia Kengele ya Saa Sita

Dunstan hakwenda kwenye ile semina kwa ajili ya viwanda. Alikwenda kwa ajili ya sambusa. Mlangoni pa ukumbi, hapo Mbinga mjini, alijiandikisha kama Mhandisi Dunstan, kwa sababu wahandisi walikaa meza ya mbele, na meza ya mbele ndiyo iliyokuwa jirani na sinia.

Mtaalamu mmoja kijana alikuwa anaonyesha ukutani viwanda vya siku hizi. Mikono ya chuma inachagua, inapima, inafunga, na kila mashine inampa mwenzake taarifa, mpaka tajiri anasoma yote kwenye simu akiwa kitandani. Akaonya pia kwamba mashine ikilishwa takwimu za uongo, itadanganya haraka kuliko binadamu. Bahati mbaya hapo ndipo chai ilipoletwa.

Maswali aliuliza mtu mmoja tu, Mzee Othmar, mwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Huyu alikuwa bingwa wa magoma: anakununulia kahawa ikiwa bado ua mtini, kwa bei ya ua.

"Hizo roboti zinakula mchana?"

Hazili, akajibiwa.

"Zinafiwa?"

Hazifiwi. Othmar akashusha pumzi kama mtu aliyeonyeshwa mbingu. Dunstan akaweka sambusa nzima chini, jambo ambalo kwa Dunstan lilikuwa halijawahi kutokea.

Walipotoka nje, Dunstan alikuwa tayari ubavuni kwa Othmar. Shikamoo mzee, marahaba, kisha akamnong'oneza kwamba roboti za yule kijana zilishapitwa na wakati, ila yeye anayo mpya, ya kuchambua kahawa, na kila punje itakayopita itaripotiwa kwenye simu ya mzee.

Roboti ilizaliwa Ruanda, ile ya hapohapo wilayani, kwa fundi seremala. Lilikuwa kabati la mbao laini lililopakwa rangi ya fedha, lenye taa za bodaboda, feni ya kompyuta mfu, mdomo juu wa kumimina kahawa na mabomba mawili chini: la punje nzuri na la mbovu. Katikati ya teknolojia hiyo yote, juu ya kigoda, na tochi kwenye paji la uso, angekaa Mama Notburga wa Mpepai.

Notburga alikuwa na mikono myepesi kuliko wachambuzi wote wa Othmar, mpaka msimu uliopita alipofukuzwa kwa kosa la kufiwa na shangazi. Humo ndani angekuwa na simu ya kumtumia mzee takwimu, na laini hiyohiyo ndiyo ingepokea malipo ya awali. Laini ilisajiliwa kwa kidole cha Notburga. Dunstan hakupenda kidole chake kikutane na kompyuta yoyote, maana zipo mbili tatu zilizokuwa zinakifahamu vizuri mno. Hela ikiingia tu, achukue simu, akatoe kwa wakala, ale kona mpaka Mbamba Bay, avuke ziwa kwenda Malawi.

"Na wenzangu wanaochambua mkekani?" Notburga aliuliza.

"Hao watapandishwa cheo, mama. Watasimamia takwimu."

Notburga akanyamaza. Ni kule kunyamaza ambako mjanja mwenye akili angekuogopa. Dunstan alikuwa mjanja tu.

Siku ya majaribio kahawa ilimiminwa juu, taa zikawaka, feni ikanguruma, na punje zikaanza kudondoka chini, safi kama zimeoshwa. Simu ya Othmar ikalia: *Nzuri nyingi. Mbovu chache. Mfumo uko salama.* Mzee akaisoma kwa sauti, akacheka, kisha akawageukia wanawake waliokuwa mkekani wakichambua kwa mikono. Akawaambia kuanzia kesho wasije.

Asteria, kiongozi wao, akauliza kama hata ile chai ya saa nne waliyoahidiwa tangu msimu uanze hawataipata.

"Roboti haijaomba chai," akasema Othmar, akatoa simu ili atume malipo.

Kidole kilikuwa hewani kengele ya parokia ilipolia. Saa sita. Wanawake wakasimama kama kila siku, na Asteria, pamoja na kufukuzwa kwake, akaanza:

"Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria."

Na kutoka tumboni mwa roboti sauti tulivu ikaitikia, "Naye akapata mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu."

Vichwa vyote vikaigeukia roboti. Feni ikaendelea kunguruma.

Dunstan alikuwa amefikiria joto, kikohozi, hata haja ndogo. Kengele hakuifikiria, kwa kuwa mara ya mwisho kusimama kwa ajili yake alikuwa bado hajaota ndevu. Notburga naye hakukusudia. Huwezi kukulia huku ukaiacha sala ile ikining'inia. Mdomo hujibu wenyewe.

Wanawake waliijua sauti ile kabla haijamaliza sentensi, maana ndiyo iliyowasalisha kwenye jumuiya siku zote. Asiyeijua alikuwa Othmar peke yake. Jumuiya hakuwahi kukanyaga, akiogopa michango.

"Imesali," akasema.

Dunstan akafuta jasho. "Hili ni toleo la Mbinga, mzee. Wenzetu Waanglikana wa ziwani wana lao."

Asteria akaitazama roboti. Akamtazama Dunstan. Kisha akaendelea na sala, na roboti ikaitikia mpaka Amina. Othmar akapiga ishara ya msalaba, akabonyeza kwa imani kubwa, akaenda kula.

Dunstan akaruka nyuma ya kabati, akagonga. "Mama, simu."

"Subiri mwanangu," Notburga akajibu kutoka ndani. "Mtandao."

Komeo lilifunguliwa baadaye, taratibu. Notburga akatoka, akajinyoosha, akamkabidhi simu kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Salio lilikuwa limebaki la kupiga simu moja fupi. Hela ilikuwa imeshalala kwenye akaunti ya kikundi cha wanawake wa mkekani.

"Ni wizi huu, mama!"

"Kashtaki," Asteria akamwambia. "Ila watakuomba kidole."

Dunstan akatazama geti. Mlinzi alikuwa Bernadi, mume wa Asteria, na alikuwa ameshafunga. Tena mkataba wake na mzee, ambao Dunstan mwenyewe aliuremba kwa maneno makubwa, ulisema fundi hatatoka kiwandani mpaka msimu uishe.

"Mimi humo sirudi," akasema Notburga. "Mgongo."

Wanawake wote wakamgeukia Dunstan. Mlango wa roboti ulikuwa wazi.

Mchana ule Othmar akapokea ujumbe: *Mfumo unapata joto. Unahitaji wasimamizi wote wa mkekani, wakae kwenye viti.* Mzee alikuwa ametoa hela nyingi, hakutaka mali iungue, viti vikaja. Kesho yake ukaingia mwingine: *Mfumo unaomba chai saa nne. Na maandazi.* Maandazi yakaja.

Saa sita kengele ikalia. Asteria akaanza. Ndani ya roboti sauti nene, yenye mashaka, ikajikongoja: "Naye... akapata... mimba..."

Othmar akakunja uso. "Mbona sauti imekuwa nzito?"

Notburga, aliyekuwa amesharudishwa kazini kama msimamizi mkuu wa mfumo, hakuinua hata macho kitini pake.

"Imebalehe, mzee," akasema. "Ndiyo maana siku hizi inakula mchana."