Mifuko ya Kuoza ya Renaldo Fortuin

Watu wa Sea Point, mtaa wa ufukweni chini ya mlima, walipoanza kuona aibu kuhusu plastiki, Renaldo Fortuin aliiona aibu hiyo akaipenda. Wenye mbwa walikuwa wakitazamana vibaya: huyu anaokota mavi ya mbwa wake kwa mfuko utakaodumu kuliko wajukuu wake, yule anamwona na kutikisa kichwa. Penye aibu pana soko.

Renaldo alinunua mifuko ya plastiki ya kawaida, ya kijani, akaipiga mhuri wa jani na kudai imetengenezwa kwa mahindi, huoza ardhini. Ya maonyesho ilikuwa mingine kabisa: ile ya hospitali ya kuwekea nguo chafu, ambayo huyeyuka kwenye maji ya moto. Alisimama kwenye njia ya ufukweni na bilauri yake ya maji ya moto, akautumbukiza mmoja.

"Mama, mfuko uko wapi?"

"Umeyeyuka!"

"Haujayeyuka, mama. Umerudi kwenye mahindi ulikotoka."

Watu wakanunua. Waliibeba ikiwa imejaa, kama mtu abebavyo maua kumpelekea mgonjwa, wakaizika bustanini na kungoja.

Tatizo likawa hapo. Ardhi haihongeki. Jembe la mtunza bustani mmoja likipita, mifuko ingetoka mizima, na Sea Point nzima ilimjua Renaldo kwa sura. Ilimlazimu auze shehena iliyobaki kwa mkupuo, kisha ahamie upande wa pili wa mlima kabla watu hawajaanza kulima.

Akamwendea Bi Maureen Lategan, mwenyekiti wa chama cha wenye mbwa, mjane aliyefuga mbwa wa kuwindia simba, wale wenye mstari wa nywele zilizogeuka kinyume mgongoni.

"Yote? Mbona ghafla hivyo, mwanangu?"

"Nimekufikiria wewe kwanza, mama. Wa Camps Bay wananipigia simu mpaka naona haya."

Bi Maureen aliuvuta mfuko mmoja kwa vidole, akaunusa, akatabasamu kidogo.

"Hao wa Camps Bay nitawauzia mimi. Wakikuuliza, hunijui. Ila taslimu sina, mali yangu yote ni mbwa. Chukua huyu."

Mtoto wa mbwa alikuwa na mstari mgongoni ulionyooka kama umepigwa rula.

"Ukoo wake unajulikana kuliko wako," Bi Maureen alisema. "Usimwogeshe, atapata mafua."

Mbwa wa aina hiyo akiwa na mstari, matajiri humgombania. Akiukosa, ni mbwa wa kahawia tu. Renaldo alikubali haraka. Wakaagana, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Akampeleka Durbanville kwa Kobus Strydom, dalali wa mbwa. Kobus hakuuliza hati. Alilowesha kiganja bombani, akampapasa mbwa mgongoni mara moja. Mstari ukalala.

"Jeli ya nywele," alisema Kobus. "Na mkono mzuri wa mkasi. Bi Maureen hajambo?"

"Unamjua?"

"Kaka, nani huja hapa na mbwa wa namna hii asiyetoka kwake?"

"Basi nipe chochote tu, bosi wangu."

"Nakupa ushauri. Anakula sana."

Renaldo alitoka na mbwa wake. Mbele ya kanisa, waumini wakitoka ibadani na nguo zao nzuri, mbwa alichuchumaa katikati ya njia akafanya haja yake bila haraka.

"Wewe bwana!" mwanamume mmoja alifoka. "Mbwa wako huyo! Okota!"

Renaldo alijipapasa mifukoni. Shehena yote ilikuwa kwa Bi Maureen. Hakubakiwa na hata mfuko mmoja. Watu walikuwa wamesimama, na yeye, aliyezoea kuzungumza mbele ya umati, alianza upya kujipapasa.

Bibi mmoja mwenye kikapu alimwonea huruma, akachomoa ukurasa wa gazeti uliofungia mayai yake.

"Shika, mwanangu. Chota nalo, ukazike vyote pamoja. Linaoza."

"Bei gani, bibi?" Renaldo aliuliza, kwa mazoea.

"Bei ya nini? Si gazeti la jana?"

Katika maisha yake ya biashara Renaldo hakuwahi kusikia maneno ya kutisha kama hayo. Alilipokea gazeti, akainama.