Fainali ya Mama Bila King'amuzi

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Nimetoa ahadi. Mezani, mbele ya mashahidi wawili: mke wangu na Mama. Timu yetu ya taifa ya netiboli imeingia fainali! Jumapili, saa kumi jioni. Mama alisikia redioni, akaweka kikombe chini. Ujanani alikuwa mfungaji wa timu ya kiwanda cha nguo. Mikono mirefu ile hakupewa kwa ajili ya kuchambua mchele tu. Nikasema: Mama, utaitazama hapa hapa sebuleni, mubashara.

Mke wangu akauliza, kwa king'amuzi kipi?

Uchokozi mtupu. Anajua fika kwamba king'amuzi nilikirudisha mwenyewe mwezi wa pili, baada ya kusubirishwa kwenye simu yao nikisikiliza kinanda mpaka sikio likapata moto. Niliwaambia siku ile na ninarudia leo katika daftari hili: mtu mwenye akili zake hahitaji king'amuzi. Siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Mimi ni fundi wa majokofu, mwaka wa ishirini na tatu huu. Atakayeshindwa na simu ni mwingine.

Mke wangu akasema basi tumpeleke Mama kwa kaka yake. Yaani kwa shemeji! Mtengeneza miwani, mwenye televisheni pana kama mlango, anayeshika rimoti kama amekabidhiwa nchi. Nikakataa. Nikasema anakaa ghorofa ya nne, na nyonga ya Mama tangu ivunjike haitaki ngazi. Sababu ya kweli naiandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: sitaki kutazama fainali kwa hisani ya shemeji.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Ushindi! Mapema kuliko nilivyotarajia. Kuna kampuni ya mtandaoni inarusha mechi zote, na mteja mpya anapewa siku tatu bure. Bure! Nimejiandikisha papo hapo, nikiwa nimepiga magoti nyuma ya jokofu la mwenye bucha. Picha safi kama maji. Nikamwonyesha mwenye bucha watu wawili wakicheza tenisi. Akauliza nyama yake itapata baridi lini. Watu wengine hawana moyo wa michezo.

Nimerudi nyumbani natembea kwa madaha. Mke wangu kanipongeza, tena kwa dhati. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu. Jumanne. Jumatano. Alhamisi.

Siku tatu zinaisha Ijumaa asubuhi.



Jumatano, tarehe 8 Mei

Kinyozi amenitumia linki. Anasema yeye hutazama kila kitu hapo. Nimebonyeza. Yakafunguka madirisha kumi na tisa. Moja likaniambia nimeshinda gari. Jingine likaniambia simu yangu ni mgonjwa. La kumi na tisa: netiboli! Maandishi mekundu pembeni: MUBASHARA. Nikadhani ni mechi ya kujipasha moto kabla ya fainali. Wasichana wetu walikuwa wanawachapa wenzao bila huruma. Nikatoka mlangoni kuwatangazia majirani matokeo, robo baada ya robo. Fundi cherehani wa nyumba ya pili akapiga vigelegele.

Mama alikuwa kitini, shingo kaiinamisha upande mmoja. Akaniita kwa upole. Akasema amesikia mtangazaji akimtaja Kipepeo katika nafasi ya kati. Nikajibu ndiyo, na leo yuko moto kweli. Mama akasema Kipepeo alistaafu. Ana mapacha. Mapacha wenyewe wameanza shule mwaka huu.

Mechi ya miaka saba iliyopita.

Nikatoka tena kuwaeleza majirani ukweli. Hapana. Sikutoka. Nilifunga mlango.

Simu sasa inaongea yenyewe, inanadi dawa za upara. Nimeitia ndani ya soksi.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Leo nimetumia kichwa. Kama mawimbi yanapita hewani, kazi ni kuyanasa tu. Nimeng'oa mabomba ya nyuma ya jokofu bovu, nikayakunja vizuri, nikapanda nayo juu ya bati. Mke wangu alishika ngazi bila neno. Nauogopa ukimya wake kuliko radi. Mama tulimweka mbele ya televisheni. Kazi yake: kupiga kelele kitu kikitokea.

Nikageuza kulia: mikwaruzo. Nikageuza kushoto: Mama akapiga kelele! Nikashuka mbio, suruali ikabaki nusu kwenye msumari. Nikakuta bwana mmoja anaeleza ufugaji wa nyuki.

Nilitaka kurudi juu. Mama akanishika mkono, akasema nikae kwanza, malkia ndiyo anaingia mzingani. Nikakaa. Bwana yule alikuwa na sauti ya kutuliza. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikaa na Mama mchana wa siku ya kazi. Mkono wake ulibaki juu ya wangu mpaka kipindi kikaisha. Soksi ilitetemeka mara mbili: wateja. Niliiacha itetemeke.

Naandika haya kwa kumbukumbu tu. Kiufundi siku ilikuwa hasara.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Saa tatu asubuhi ile ya bure imekatika. Wameniaga kwa ujumbe wenye maua.

Lakini! Kwenye simu ya mke wangu nimekuta programu ile ile, na ndani yake kuna akaunti ya mtu, iko wazi. Sikuuliza ya nani. Aliyeokota haulizi sana. Nikafungua. Baada ya dakika mbili ikaja taarifa: mwingine anaitumia akaunti hii, je, umtoe? Nikamtoa. Akanitoa. Nikamtoa. Mara kumi na moja! Nikawaza, ni mtu gani huyu asiye na kazi saa nne asubuhi? Simu ikalia mkononi mwangu. Shemeji. Anamwuliza dada yake kama ameguswa na shetani.

Nikairudisha simu mahali nilipoitoa, nikaenda kununua skrubu ambazo sikuzihitaji.

Mchana nikapata wazo lenye heshima zaidi. Tatizo la simu ni udogo wa picha. Nikachukua boksi la feni, nikaazima kioo cha kukuzia kwa fundi saa, nikakibandika mbele, simu nyuma. Sinema kamili! Nikamwita Mama aje kujaribu. Akainama, akakaa hivyo kitambo, akasema picha safi mno, kubwa, mpaka kamba za viatu anaziona. Nusura nilie.

Nilipoitoa simu nikakuta imezima. Chaji ilikwisha kabla hata sijaiingiza.

Mama ni mpole kupita kiasi. Hataki kunivunja moyo. Kesho nitamwomba awe mkweli, kwa faida ya majaribio.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Shemeji amekuja, na mfuko wa machungwa. Akamwamkia Mama, Mama akamwitikia marahaba mwanangu kwa sauti tamu kupita ile anayoniitikia mimi. Nikajiandaa kwa vita vya akaunti. Hakuitaja. Akaniomba nitoke nje nikasikilize mlio wa gari lake.

Gari halikuwa na mlio. Shemeji alisimama kando yake akifuta miwani isiyokuwa na vumbi. Akaniambia mwezi wa tatu alimpima Mama macho. La kulia limekwisha kabisa. La kushoto linaona mwanga na vivuli, basi. Mke wangu alimpeleka hospitali, madaktari wakasema vilevile: ugonjwa ulikuwa wa kimyakimya, na ulishakwenda mbali. Mama akawaapisha wote wawili wasiniambie. Shemeji alikuwa amekusudia kushika kiapo. Ila jana dada yake alimsimulia habari ya boksi, na hakupata usingizi.

Nikamwuliza kwa nini nifichwe mimi, mtoto wake wa kumzaa.

Shemeji akatazama chini. "Alisema, 'Msimwambie yule. Ataanza kutengeneza macho.'"

Nilisimama pale. Nikangoja wazo lije. Halikuja. Shemeji akaniwekea mkono begani, nami nikauacha ukae, muda mfupi.

Nikaingia ndani, nikaketi karibu na Mama. Akaanza yeye.

"Shemeji yako hajui kunong'ona."

Nikamwuliza kwa nini aliniacha nihangaike wiki nzima kutafuta picha. Akasema hakutaka picha. Alitaka nimsimulie. Nilipokuwa mdogo, akasema, nilikuwa nakaa chini ya goli nikimhesabia mabao kwa sauti mpaka mwamuzi ananifukuza uwanjani. Alidhani nikikosa picha nzuri nitaishia kumsimulia tu. Ila mimi sikuishia.

Nikasema angalau angenizuia nisipande kule juu.

"Ulikuwa unapiga mluzi," akasema. "Hujapiga mluzi tangu baba yako atutoke. Ningekuzuiaje?"

Nimekwenda karakana nikafungua jokofu moja, nikasimama mbele yake mlango ukiwa wazi. Baridi ni nzuri kwa uso.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Saa tisa na nusu shemeji alifika na tableti yake, akaiweka mezani, akaingia kwenye akaunti yake mwenyewe. Nikamwuliza yeye atatazamia wapi, maana akaunti ni ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, hilo tunalijua sote. Akasema hapa, kama hatujali. Ameacha ile televisheni yake pana kama mlango! Nikampa kiti cha pili kwa uzuri.

Mimi nilikaa karibu na sikio la Mama, upande ule anaosikia vizuri. Mechi ikaanza. Mwanzoni nilisimulia kama mtu anayesoma karatasi ya mashtaka. Mama akanikatiza. Akataka kujua mfungaji wetu, yule wanayemwita Twiga, anasimama mguu gani mbele. Mlinzi wao yuko mbali kiasi gani. Uso wake ukoje. Nikaanza kutazama kweli. Robo ya pili nilikuwa nimesimama. Robo ya tatu nilikuwa nimepanda kochi. Mama anacheka, anapiga paja, anamtukana mwamuzi matusi ya kistaarabu ya enzi za kiwandani.

Robo ya nne, zimebaki dakika tatu, tuko nyuma kwa bao moja. Twiga kaunyaka mpira. Anageuka.

Picha ikaganda.

Duara likaanza kuzunguka. Shemeji akagonga tableti. Mke wangu akainua mikono kichwani. Duara linazunguka.

"Enhe?" Mama akasema. "Kageuka. Halafu?"

Nikawatazama wale wawili. Nikafumbua mdomo.

Nikasema karusha. Nikasema mpira umegonga pete, umeyumba, umeyumba, umeingia! Tumesawazisha! Shemeji alinitazama kama nimeiba. Nikaendelea. Wapinzani wakapoteza pasi, wetu wakaupata, ukapita pembeni, ukarudi kati. Nikampa Twiga mpira kwa mara ya mwisho, chini kabisa ya goli. Mama akakataa. Akasema hawawezi kumwachia pale, mlinzi yule si mjinga, lazima atoke kwanza, amvute, ndipo arudi. Basi nikamtoa Twiga, nikamrudisha. Shemeji akatia vidole mdomoni akapuliza filimbi. Faulo! Mke wangu akaanza kushangilia kama uwanja mzima. Twiga akasimama kurusha. Mikono ya Mama ikapanda juu polepole, yote miwili, vidole vimefunguka, kiwiko kimenyooka, na kiganja kikainama mbele, laini.

Nikasema: imeingia.

Tulipiga kelele sote wanne. Shemeji alinikumbatia. Nilimkumbatia pia, naandika kwa aibu.

Ndipo kutoka kwa fundi cherehani, kwenye redio yake na madirisha yake wazi, ikaja sauti ya watu wengi wakisema aaah, ndefu, inayoshuka. Kisha kimya cha mtaa mzima.

Tumefungwa. Kwa mabao mawili.

Duara bado linazunguka mezani. Mama akanipapasa, akapata goti langu.

"Nimewasikia," akasema. "Nimeshafungwa fainali tatu, mwanangu, sauti ile naijua." Akajiweka sawa kitini. "Kwao tumefungwa. Hapa tumeshinda. Hebu rudia ile ya mwisho."

Nikarudia. Mara ya pili shemeji alipuliza filimbi mapema, ikabidi tuanze upya.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Shemeji amesema atamwekea Mama king'amuzi, sauti haitakatika, na mimi nikae nisimulie bila presha. Mke wangu kakubali. Mama kakubali. Mimi nimekataa katakata.

Kwa sababu leo asubuhi mwenye hoteli ameniletea jokofu ambalo sijawahi kuona jingine kama hilo. Lina kioo cha televisheni mlangoni! Linaingia mtandaoni lenyewe! Ubovu wake ulikuwa waya mmoja uliolegea. Nimeutengeneza kwa dakika tano. Mwenye hoteli nimemwambia kifaa kinatoka mbali, asubiri mwezi.

Baada ya wiki tatu kuna mashindano ya riadha. Nimeshatangaza mtaani: karakana kwangu, wote mje. Fundi cherehani akauliza kama safari hii itakuwa mubashara kweli. Nimeapa. Mke wangu akauliza mwenye hoteli anapika na nini sasa hivi. Sikuona uhusiano.

Mama ameuliza jambo moja tu, viti viwili vitaenea mbele ya jokofu hilo? Nimepima. Vinaenea, vikibanana.

Nimeanza mazoezi ya kusimulia mita mia. Zina kasi ya ajabu. Sijamaliza kumtaja wa njia ya tatu, wote wamekwisha kufika. Nitabuni njia.