Paneli Nane Juu ya Gari la Wakunga

Ndugu msomaji, kabla hujafika mstari wa pili, funga mlango. Ukishafunga, niapie kwa chochote unachokiogopa kuliko vyote kwamba haya hayatatoka kinywani mwako, si kwa mkeo, si kwa mumeo, wala kwa kinyozi. Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa pili kazini, na ndimi ninayempigia chapa Mkurugenzi hotuba zake. Idara nzima inajua jambo moja ambalo mwenyewe halijui: hotuba zake hazisomi kabla ya kupanda jukwaani, na akipanda husoma kila kilichopigwa chapa, hata maelekezo ya pembeni. Tena akisoma, hajisikilizi.

Asubuhi ya uzinduzi wa gari-nyumba la wakunga, lile lenye vitanda viwili, sinki na friji ya chanjo, aliniwekea mezani hati ya mapokezi. Ilisema kuwa paneli nane za jua zimefungwa juu ya paa la gari na zinafanya kazi. "Tia saini, mwanangu. Saa nane chanjo zipakiwe, gari liondoke." Safari ni ya siku kumi, vijiji visivyo na umeme hata wa tochi. Nami juzi yake nilikuwa nimeliona lile paa, kutoka dirisha la choo cha ghorofa ya pili. Nikamwomba nimalizie kwanza hotuba yake. Hii hapa, neno kwa neno. Yaliyo kwenye mabano ni niliyoyaona na kuyasikia nikiwa nimesimama nyuma ya spika.

*

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na nafasi yake naishika mimi, Mheshimiwa Mkurugenzi, ambaye ni mimi, Mwenyekiti wa Kamati ya Uzinduzi, ambaye kwa mara nyingine tena ni mimi, Naibu Mkurugenzi, wakuu wa vitengo, vitengo vidogo na vitengo tarajiwa, wakunga wetu wapendwa, madereva, walinzi wa geti la mbele na wenzao wa geti la nyuma ambalo bado liko kwenye mchakato, wastaafu wetu mliokuja kuulizia mafaili yenu mkaketishwa hapa ili viti vijae, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Hapa tulia, tazama kushoto, tabasamu.

(Anatulia. Anatazama kushoto, ambako kuna ukuta. Anautabasamia. Makofi.)

Ndugu zangu, leo ni siku ambayo wajukuu wenu watawauliza mlikuwa wapi, nanyi mtajibu kwa fahari: tulikuwa juani. Idara hii, chini ya uongozi wangu thabiti, makini, shirikishi na, niseme bila kujikweza kwa kuwa kujikweza si hulka ya watu wakubwa kama mimi, wenye maono ya mbali, imetekeleza kwa asilimia mia moja na kumi na nne Mradi Mtambuka wa Kuhuisha Paa. Kwa miaka mingi mapaa ya magari yetu yamekaa bure, yananyeshewa, yanachomwa na jua, yanachafuliwa na njiwa, bila mchango wowote katika maendeleo. Nikajiuliza, peke yangu, ofisini, mlango umefungwa: hivi paa linafanya kazi gani?

(Sauti kutoka viti vya madereva: "Linazuia mvua, mzee!" Vicheko.)

Naomba sasa niwapitishe kwenye teknolojia, polepole, ili wale wasio na upeo wangu wasiachwe nyuma. Paneli nane za kisasa zimelazwa juu ya paa, zimekazwa kwa vyuma na gundi isiyopitisha maji. Waya zake zinashuka ndani hadi kwenye kontrola, ambayo kazi yake kitaalamu ni kukontroli. Kutoka hapo umeme unaingia kwenye betri, unalala, unaamka, unapita kwenye inveta, na kuifikia friji ukiwa na adabu zote. Jua likichomoza, mfumo unachaji. Likizama, mfumo unakumbuka. Utafiti wetu wa ndani, uliofanyika ndani ya ofisi yangu, umebaini kuwa jua huchomoza kwa wastani wa mara moja kwa siku, takwimu ambayo haijashuka tangu niteuliwe.

(Makofi marefu. Mstaafu mmoja anaamka, anapiga makofi, analala.)

Matumizi nayo ni mepesi kama kumsukuma mlevi. Kila asubuhi vumbi lipanguswe kwa kitambaa laini chenye maji. Dereva aliegeshe gari mahali penye jua kali, kamwe asithubutu kuliegesha kivulini, kwa maana kivuli ni adui namba moja wa paneli na, kwa tafsiri pana, ni adui wa sera.

(Wote tunageuka kulitazama gari. Limeegeshwa kivulini, chini ya kibaraza cha ghala, kwa agizo lake mwenyewe, ili jukwaa lililo ubavuni mwake lipate ubaridi. Dereva wake, tunayemwita Breki, anakagua viatu vyake.)

(Anasimama mkunga mkuu. Wote tunamwita Shangazi, kwa sababu nusu yetu alitupokea yeye tulipozaliwa, Mkurugenzi akiwamo. Ameshika boksi la barafu lenye chanjo mia tatu za watoto. "Samahani, Mkurugenzi. Naona waya wa manjano unatoka dirisha la gari unaingia dirisha la masjala. Huo ni wa nini?")

Swali zuri, Shangazi, na ni ushahidi wa jinsi tulivyowajengea uwezo wakunga. Waya ule hauleti umeme kwenye gari. Waya ule unautoa! Paneli zetu zimezalisha hadi zimezidiwa, nasi kwa moyo wa uzalendo tunaigawia ofisi ziada.

(Makofi. Hapohapo umeme wa mtaa unakatika. Spika inanyamaza, feni za masjala zinasimama, na ndani ya gari friji inakoroma mara moja, kisha kimya. Mkurugenzi anaendelea kwa sauti yake mwenyewe, ambayo haijawahi kuhitaji spika.)

Na kama mlivyosikia, ofisi imeshiba.

("Na friji nayo imeshiba?" anauliza Shangazi.)

Friji inatafakari.

("Mwanangu, chanjo hazitafakari. Zikipata joto zinaharibika, na hakuna wa kujua kwa kuitazama chupa. Mama anabeba mtoto anarudi nyumbani akidhani amekingwa, kumbe amechomwa maji. Leteni ngazi, nipande nikaone kwa macho yangu.")

Ngazi ipo, Shangazi, na ni ngazi bora. Lakini iko stoo, stoo imefungwa, mtunza stoo yuko likizo, na kupanda mali ya idara bila fomu namba kumi na saba ni utovu wa nidhamu. Isitoshe, kazi hii imekaguliwa! Karani wetu, kijana msomi, mwenye miwani, ameikagua, na atatia saini mara tu nikimaliza kusema. Kijana, simama wakuone.

(Nimesimama tayari. Sijui niinue nini. Nainua hati. Makofi.)

Kwa kuwa Waswahili walisema chema chajiuza, nisiendelee kukinadi. Geuza ukurasa, lowesha kidole. Ukurasa wa saba: shukrani, zisomwe kwa hisia.

(Anageuza. Analowesha kidole baada ya kugeuza.)

Kwanza kabisa, kwa unyenyekevu mkubwa, namshukuru fundi wa mabango, ambaye kwa siku moja tu, kwa rangi ya bluu iliyokoza na brashi nyembamba ya mistari myeupe, alizichora paneli zote nane juu ya paa zikapendeza kuliko za kweli.

(Naibu Mkurugenzi anavua miwani, anaifuta, anaivaa, anaivua tena.)

Namshukuru muuza paneli, ambaye hajatuuzia paneli hata moja wala hajawahi kutuona. Naishukuru kontrola, nazishukuru betri, naishukuru inveta, kwa kushirikiana bega kwa bega katika kutokuwepo. Kwa namna ya pekee naishukuru soketi ya ukuta wa masjala, iliyoubeba mradi huu peke yake tangu saa moja asubuhi hadi umauti utakapoikuta.

(Kicheko kinaanzia kwa walinzi, kinapita kwa madereva, kinawaamsha wastaafu. Mkurugenzi anadhani amependwa. Anaweka mkono kifuani, anapandisha sauti.)

Nawashukuru watoto mia tatu ambao nilikuwa tayari wachomwe dawa iliyooza, mradi picha yangu na gari itoke vizuri! Namshukuru karani wangu, niliyemtaka atie saini kitu kisichokuwepo, na ambaye hadi nasoma mstari huu kalamu yake bado ina kifuniko! Shangazi, chanjo zirudishe hospitali sasa hivi, barafu haijayeyuka. Mwisho wa ukurasa wa saba. Sema kaulimbiu, kunywa maji, keti.

(Watu wamesimama. Breki amekwisha kuwasha pikipiki ya tarishi, Shangazi kapanda nyuma, boksi mapajani. "Kanyaga, baba, kanyaga!" Geti la mbele linafunguliwa bila fomu.)

Jua letu! (Umati: "Rangi yetu!") Paa letu! ("Brashi yetu!") Maendeleo! ("Yanachorwa!") Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Anakunywa maji. Anaketi.)

*

Kusikilizwa alisikilizwa, na kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Hadi leo anatamba kwamba hajawahi kupigiwa makofi namna ile, na ameagiza hotuba ichapishwe nakala mia mbili zigawiwe kila kitengo. Naibu ameagiza, kwa kunong'ona, ukurasa wa saba uchomwe. Mimi niko katikati ya maagizo hayo mawili kama nyama kati ya visu viwili, na siku atakayoamua kusoma alichosoma, mimi sina kazi. Chanjo zilifika hospitali zikiwa baridi. Nililie nini zaidi?

Kama una ushauri, usipige simu ya masjala. Huwa anaipokea yeye akitumaini ni pongezi. Usiandike barua, nitaagizwa niifungue mbele yake. Njoo dirisha la tatu, saa sita na robo, wenzangu wakiwa wamekwenda kula, uulize kama ngazi ipo. Nikijibu kuwa iko stoo, jua kuna mtu nyuma yangu, nenda zako. Nikijibu kuwa ipo, inama useme polepole. Ile hati bado imo kwenye droo yangu, haina saini, na kila jioni anauliza habari zake. Basi ukija, nakuomba, usije na kalamu.